Aproni haikufika nyuma

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limenikuta nikitoa matumbo ya samaki, migebuka: "Je, mwenye mgahawa ana haki ya kuajiri wahudumu wa kike peke yao?" Nasema hana. Nina mgahawa wangu hapa Mwanga, Kigoma, migebuka ya mawese na ugali wa muhogo, wahudumu wanne. Kabla ya hapo nilikuwa mhudumu mwenyewe, kwa hiyo kaunta naijua mbele na nyuma.

Mwaka 2009 niliona bango kwenye mlango wa baa moja mjini: anatakiwa dada mchangamfu, miaka 18 hadi 25. Nikaingia, bosi akaniangalia toka juu mpaka chini, akaniambia nianze jioni hiyo hiyo. Hakuniuliza kama najua kuhesabu. Nilifanya kazi pale karibu miaka miwili. Nikapata mimba. Aproni za pale zilikuwa za saizi moja, kamba fupi, na mimba ilipofika mwezi wa tano kamba hazikukutana tena mgongoni. Nikaunga kipande cha kanga, chekundu, kilichobaki kwenye pindo. Siku ya tatu bosi akakiona. Hakufoka, la hasha, alisema kwa upole kabisa: "Nenda kapumzike dada, ukishajifungua njoo." Nilirudi na mtoto mgongoni, nikakuta aproni yangu imevaliwa na binti wa miaka kumi na tisa.

Ndiyo maana nacheka ninaposikia kwamba utaratibu wa "wa kike tu" unawasaidia mabinti. Aliyekuchukua kwa sababu ya umbo lako, siku umbo likibadilika anakudai nini tena?

Wakati ule sikujua kwamba sheria ilikuwepo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kazini kwa jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, umri na mengine kadhaa. Wengi hudhani inamlinda aliyekwisha kuajiriwa tu. Kifungu hicho kinamhesabu hata anayeomba kazi, na matangazo ya kazi yamo. Yaani bango lile mlangoni lilikuwa na kosa kabla hata sijaingia, mara mbili, kwa jinsia na kwa umri. Tena ukishaonyesha dalili za ubaguzi, mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Kuhusu kuachishwa kazi, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine siku 60. Mimi siku 30 zilipita nikiwa nyumbani nasubiri kujifungua ili nirudi kama nilivyoambiwa. Upole ule ulinigharimu.

Upenyo upo mmoja, nao ndio wenye migahawa wanaoukimbilia. Sheria inaruhusu kuchagua kama sifa hiyo ni ya lazima kwa kazi yenyewe. Mlinzi wa kupekua wanawake mlangoni, naelewa, awe mwanamke. Lakini kubeba sahani ya ugali kutoka jikoni hadi meza ya tatu kunahitaji mikono na kumbukumbu. "Wateja wanapenda dada" ni habari ya wateja, haihusu sahani.

Katika utangulizi wenu mlitaja Hooters, migahawa ya Marekani yenye wahudumu wasichana tu, kama ushahidi kwamba wenzetu wanaruhusu. Hapo mmekata habari katikati. Kule sheria ya haki za kiraia ya 1964 inakataza ubaguzi wa jinsia katika ajira, na Hooters walijitetea kwamba hawauzi mabawa ya kuku tu, wanauza na sura ya msichana anayeyaleta. Wanaume walionyimwa kazi walishtaki, na mwaka 1997 kampuni ikamalizana nao kwa dola milioni 3.75. Wasichana wakabaki mezani, ila nafasi nyingine kama za kaunta zikafunguliwa kwa wote. Sawa, walipona nusu nusu. Lakini angalia walichotakiwa kukiri ili wapone. Nani kati yetu hapa Kigoma yuko tayari kusimama mbele ya msuluhishi na kusema biashara yangu si migebuka, ni mabinti?

Na wako ambao hawakupona. Lawry's, mgahawa wa nyama wa California wenye matawi, tangu 1938 ulikuwa unaweka wanawake tu kuhudumia meza, ndiyo mila ya nyumba. Mwaka 2009 walikubali kulipa zaidi ya dola milioni moja. Upande wa pili, mgahawa wa Joe's Stone Crab wa Miami Beach, Marekani hiyo hiyo, ulikuwa na wanaume mezani. Kati ya 1986 na 1990 waliajiri wahudumu 108, mwanamke hata mmoja hakuwemo. Huko waliona chakula kikiletwa na mwanamume ndipo kinaonekana cha heshima. Basi mila ni ipi? Hapa kwetu mama lishe anapika chini ya mwembe, lakini hoteli ikiwa na kofia nyeupe jikoni, mara nyingi aliyeivaa ni mwanamume, na kwenye jiko la nyama choma sijawahi kumwona dada. Wala hakuna anayeuliza.

Sasa niseme na langu. Mwaka 2022 mimi mwenyewe, niliyefukuzwa kwa ajili ya kipande cha kanga, niliandika kwenye boksi la sabuni: "Anahitajika dada mchangamfu." Mkono uliandika wenyewe. Akaja kijana wa Katubuka, asubuhi, treni imeingia na meza zote zimejaa. Nikamwambia nataka wa kike. Akaangalia ndani, akauliza bila ukali: "Samahani mama, kwani sahani hapa zinabebwa na nini?" Sikuwa na jibu, na wateja walikuwa wanaita. Nikampa trei. Alibeba sahani nne kwa mkupuo, na jioni chenji ilikuwa sawasawa.

Sitawadanganya kwamba wateja walipiga makofi. Wazee wawili wa kahawa ya saa nne walihamia ng'ambo ya barabara, na mpaka leo kuna mmoja akikaa tu anauliza dada wako wapi. Namjibu dada wako jikoni na kaunta, unataka samaki au unataka dada? Anacheka, anaagiza samaki. Waliohama hawajarudi.

Hivi ninavyoandika, mhudumu wangu mmoja ana mimba ya miezi saba. Sheria inakataza kumpangia mjamzito zamu ya usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua, na usiku kisheria unaanza saa 2. Mimi nafunga saa 3, basi saa 2 kasoro anavua aproni anakwenda zake. Likizo ya uzazi ni siku 84, mia moja akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na nafasi yake inamngoja. Kwa biashara ya wahudumu wanne inauma, msinione shujaa. Nimezihesabu siku hizo kwenye kalenda ya ukutani mara mbili, nikidhani labda nilikosea.

Wiki iliyopita nikatoa boksi jingine la sabuni, nikaandika: "Anahitajika mhudumu wa miezi mitatu. Ajue kuhesabu, aweze kuamka saa 11." Wa kwanza kuja alikuwa mama wa miaka arobaini na nne kutoka Ujiji, amejifunga khanga yake vizuri, akasimama nje ya kizingiti. Aliuliza kama na yeye anaruhusiwa, nikasema ndiyo. Akauliza tena. Anaanza Jumatatu.

Msomaji wenu, Mwanga, Kigoma