Dodoso la mitindo ya kujifunza halitakupa jibu

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma uzamili wa saikolojia hapa Mwanza na ninavutiwa na kumbukumbu. Nataka kutafiti mitindo ya kujifunza, yaani mtoto wa kuona, wa kusikia na wa kutenda, kwa kidato cha pili huku Ilemela. Nitumie dodoso gani? Wanafunzi 120 wanatosha?

JIBU: Marahaba. Idadi tuiache kwanza, maana hata ukiwapata 3,000 utarudi mikono mitupu. Wazo hili hupita mezani kwangu kila mwaka, na kila mwaka nalikata kwa kalamu ileile nyekundu.

Dodoso linamuuliza mtoto anapenda nini. Akisema picha, umepima anachopenda, basi. Mtu anaweza kuupenda ugali wa muhogo maisha yake yote, na tumbo lake lisiusage vizuri kuliko wa mahindi. Dai la mitindo ni zito zaidi ya hapo: kwamba "wa kuona" akifundishwa kwa picha atafaulu kuliko akifundishwa kwa maneno, na "wa kusikia" iwe kinyume chake. Ili kulipima, unawatenga kwa mtindo, kisha kila kundi unaligawa kwa kura kati ya njia mbili, wote wanafanya mtihani mmoja. Dai litasimama tu matokeo yakipishana, yaani kila kundi lifaulu zaidi kwa njia yake. Mwaka 2008 Pashler, McDaniel, Rohrer na Bjork walizipekua tafiti zilizokuwapo. Zilizofuata mpango huo zilikuwa chache mno, na kadhaa kati ya hizo zililipinga dai waziwazi.

Kinachoamua njia ni kile kinachofundishwa. Kijana anayejifunza kutofautisha sato na sangara pale Mwaloni, Kirumba, lazima awaone, hata kama karatasi imemwita wa kusikia. Na matamshi ya Kiingereza hayaonekani kwa macho.

Umesema unapenda kumbukumbu, basi ifuate. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo, Marekani, kifungu cha kusoma. Baadhi wakakisoma tena, wengine wakafunga karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: 42 kwa 56. Je, itakuwa hivyo kwa mtoto wa Igombe aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, na sasa anasoma baiolojia kwa Kiingereza? Atakumbuka zaidi akijieleza kwa lugha ipi? Hapo hao 120 tunaweza kuanza kuwazungumzia.

Ningeishia hapo kama kosa hili lingebaki kwenye tasnifu. Lakini wapo wanaowatoza wazazi pesa kwa maswali ishirini ya kuweka alama ya vema, kisha wanamkabidhi mtoto jina la kudumu. Mwingine anapima alama za vidole na kudai ameuona ubongo. Mzazi akisikia msomi wa uzamili naye "amegundua" mitindo mitatu Ilemela, atamkataliaje mfanyabiashara huyo?

Mwaka jana mama mmoja aliniletea cheti cha mwanawe wa darasa la nne, kimefungwa ndani ya plastiki, kikisema ni "wa kutenda". Mtoto alikuwa hajui kusoma vizuri. Nyumbani walishaacha kumsomesha vitabu, kwa kuwa cheti kilisema si njia yake.