COPD, presha na sukari kwa mtu mmoja: dawa zinavyogongana

Mkuu, pole kwa mzee. Umesema ana COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa), presha na sukari, kila ugonjwa una daktari wake, na kila akiongezewa dawa huku, kule kunaharibika. Mimi si daktari, ni mgonjwa mwenzake: mapafu, presha, sukari, na moyo nao umeanza kuchoka. Nakupa ninayoyajua kwa kuishi nayo, mkayahakikishe kwa wanaomtibu.

Kabla ya yote, je, amewahi kupuliza spairometri? Ni ile mashine unayopuliza kwa nguvu zako zote, kisha unavuta dawa ya kufungua njia za hewa na kupuliza tena. Wanaangalia hewa uliyoitoa katika sekunde ya kwanza ni sehemu gani ya hewa yote uliyotoa. Ikiwa chini ya asilimia 70 hata baada ya dawa, njia zimeziba kweli. Nauliza kwa sababu wengi huandikiwa COPD kwa kusikilizwa kifua tu, na moyo unaoshindwa kazi nao huleta miluzi kifuani na kukosa pumzi, wakati tiba yake ni nyingine kabisa. Usidanganyike pia na hoja ya "lakini hakuwahi kuvuta sigara". Moshi wa kupikia, vumbi la kazini na makovu ya kifua kikuu vyote huweza kukufikisha huku.

Sasa dawa, maana hapo ndipo penye kisa chenu.

Kifua kikichafuka hupewa prednisolone, vidonge vya steroidi, mara nyingi miligramu 40 kwa siku kwa muda wa siku 5. Inasaidia sana, siwezi kuisema vibaya. Ila sukari hupaa, hasa mchana na jioni ikiwa umemeza asubuhi, na presha inaweza kuifuata. Daktari wa kifua hatakukumbusha, na wa sukari atakuona kliniki ijayo akuulize umekula nini! Dawa ya hili ni kukubaliana na daktari wa sukari mapema, mzee akiwa mzima: siku akianzishwa prednisolone apime mara ngapi, ikifika kiwango gani aongeze nini, ampigie nani. Asiikatishe mwenyewe kwa kuogopa sukari. Na kama amekuwa akipewa mara kwa mara, ulizeni habari za mifupa, maana hiyo dawa huidhoofisha kimyakimya.

Inhela ya steroidi nayo ina yake. Asukutue mdomo na kutema kila baada ya kuvuta, kwa sababu fangasi za mdomoni humpenda mwenye sukari. Kile kichupa cha plastiki cha kuunganisha na inhela ya kupuliza kinapunguza dawa inayobaki kooni. Watu wazima hukionea aibu, wanaona ni cha watoto. Mimi natoka nacho.

Salbutamol, ile inhela ya kufungua njia za hewa haraka, hufanya moyo udunde na mikono itetemeke. Akiwa pia anatumia furosemide ya kutoa maji, dawa zote mbili huweza kushusha potasiamu, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo huvurugika. Kipimo chake ni cha damu tu, kiombeni. Halafu kumbuka kwamba kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio ni dalili za sukari kushuka pia. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu inhela, mpime sukari kwenye kidole.

Za presha na moyo ndizo zenye ubishi mkubwa. Mtasikia "mwenye kifua haruhusiwi beta-bloka", yaani dawa za kupunguza kasi ya moyo na presha. Si zote. Propranolol inaweza kubana njia za hewa, lakini bisoprolol na metoprolol hulenga zaidi moyo, na wengi wenye COPD wanazitumia vizuri. Mimi natumia bisoprolol, nilianzishwa kidogo kidogo huku naangaliwa. Ambacho karibu hakuna anayekiuliza ni matone ya macho! Timolol ya presha ya macho huingia kwenye damu na inaweza kumbana mtu kifua sawasawa na kidonge. Upande mwingine, enalapril na lisinopril huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, kisha kinasingiziwa mapafu na mgonjwa anaongezewa inhela. Kikohozi kikikolea baada ya kuanza kidonge kipya cha presha, semeni. Zipo za aina nyingine kama losartan.

Dawa za usingizi na za maumivu makali zenye asili ya afyuni zisinunuliwe kiholela, zinapunguza msukumo wa kupumua.

Kuhusu kutofautisha kukosa pumzi kwa moyo na kukosa pumzi kwa mapafu: mimi hujipima uzito kila asubuhi nikitoka msalani, kabla ya kula. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku chache, viatu vinabana, na usiku nahitaji mito zaidi, nawahi kwa daktari wa moyo. Makohozi yakiongezeka, yakawa mazito au yakageuka rangi ya njano au kijani, huo ni upande wa kifua. Mara nyingine vinakuja pamoja, hapo sijifanyi mjuzi.

Kama ana oksijeni nyumbani, msimwongezee kwa huruma. Baadhi yetu tukipewa nyingi kupita kiasi, kabonidioksidi hujaa mwilini, mtu anaumwa kichwa, anasinzia, anachanganyikiwa. Ndiyo maana wengi tunawekewa lengo la oksijeni ya damu la asilimia 88 hadi 92 kwenye kile kipimo cha kubana kidoleni, na familia ikiona si 98 inapaniki. Muulizeni daktari lengo la mzee ni lipi, liandikwe karibu na mashine.

Mazoezi ya mapafu, ya wiki 6 hadi 8 chini ya usimamizi, kama yanapatikana apelekwe. Ndiyo tiba pekee kwangu iliyosaidia kifua, sukari na moyo kwa pamoja, bila kugombana na nyingine. Hapo ndipo nilifundishwa kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, na ndivyo ninavyopanda ngazi hadi leo. Chanjo ya mafua ya kila mwaka na ile ya nimonia nazo msiziache.

Umeuliza nani awe daktari mkuu. Tafuteni mmoja, hata wa kawaida asiye bingwa, akubali kuiona orodha nzima, na hiyo orodha mbebe ninyi kila kliniki. Msitegemee mafaili kusomana.

Midomo ikibadilika rangi, akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, maumivu ya kifua, au kusinzia na kuchanganyikiwa kusiko kawaida: msisubiri kliniki wala majibu ya humu, mkimbizeni.

Weka hapa majina na vipimo vya dawa zake zote, na ya macho kama ipo, wenye uelewa watusaidie kujua maswali ya kumpelekea daktari.