Picha ya ubongo ya MRI ikitoka safi haina maana kwamba huumwi. Usiirudie!

Umeuliza kama urudie MRI kwenye mashine yenye nguvu zaidi "ili kipandauso (migraine) kionekane". Tafadhali, hela hiyo usiitoe.

Picha yangu nayo ilitoka safi. Daktari akaiinua kwenye mwanga, akasema, "Ubongo mzima, huna kitu, punguza mawazo." Picha ilikuwa safi kweli, alichonidanganya ni hilo "huna kitu". Nikaacha kliniki, nikawa najitibu kimyakimya, vidonge asubuhi, vidonge jioni, mpaka kichwa kikawa kinauma karibu kila siku. Hakuniuliza hata mara moja nameza dawa siku ngapi kwa mwezi! Dawa za kawaida za maumivu zikifika siku 15 kwa mwezi, au dawa maalumu za kipandauso, jamii ya sumatriptan, siku 10, kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe zinaweza kukuletea maumivu ya kichwa. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

MRI ya hospitali inatafuta uvimbe, damu, kiharusi. Kipandauso kiko kwenye namna ubongo unavyoyapokea maumivu, na hilo watafiti wameliona kwa kuupima ukiwa kazini. Mwaka 1995 Wajerumani waliwapiga wagonjwa picha za PET, zinazoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi, katikati ya shambulio, shina la ubongo likaonekana limechangamka. Sumatriptan ikatuliza maumivu, lakini shina likabaki vilevile. Mwaka 2016 watafiti Schulte na May wa Hamburg, Ujerumani, walimpima mgonjwa mmoja kila siku kwa siku 30, wakimpulizia amonia puani kuchokoza neva inayobeba maumivu ya uso na kichwa. Siku moja kabla ya shambulio, haipothalamasi, sehemu ndogo ya ndani ya ubongo inayosimamia mambo kama usingizi na njaa, tayari ilikuwa imebadili mwitikio wake. Kwa hiyo ile miayo mfululizo na shingo kukakamaa kabla kichwa hakijaanza si deko, ndugu yangu. Ila mambo hayo yanapatikana kwa kulinganisha picha nyingi. Hakuna mashine itakayokutolea jibu limeandikwa "kipandauso".

Kichwa kikianza kukupasua ghafla, ndani ya sekunde chache, au kije na homa na shingo ngumu, au na kupooza, hapo wahi hospitali, usisubiri ushauri wa jukwaani.

Vinginevyo, kabla hujalipia picha nyingine, chukua kalenda utie alama kila siku uliyomeza kidonge. Mpelekee daktari, umuulize kuhusu dawa za kuzuia mashambulio. Akikwambia huna kitu, tafuta mwingine. Mwezi huu umemeza siku ngapi?