Maswali Yenu ya Kikapu: Msimu Unapofunguliwa Iowa City

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinahusu mpira wa kikapu wa wasichana wa vyuo vya Marekani, na hasa hapa Iowa ninakoishi. Nimechagua tano. Ya kwanza imechukua nafasi kubwa kwa sababu aliyeiandika ametoka mitaa niliyokulia mimi, Mombasa.

Shikamoo dada. Mimi ni shabiki wa timu ya wanawake ya KPA, Mamlaka ya Bandari, huenda ukumbi wa Makande kuwatazama tangu nikiwa shule. Nasikia ulihudhuria mechi ya kwanza ya Iowa baada ya Caitlin Clark, yule nyota wao, kumaliza chuo. Tusimulie siku yenyewe, na utwambie kweli: watu walikuja?
*Msomaji, Changamwe*

Marahaba mdogo wangu. Walikuja, na ukumbi ulijaa.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 6 Novemba 2024, siku moja baada ya uchaguzi wa rais. Mimi hupika katika nyumba ya kutunzia wazee huku Coralville, na asubuhi ile wafanyakazi tulikuwa tunapishana kimya kimya, kila mtu na lake moyoni. Wazee wenyewe walikuwa na habari nyingine kabisa. Bibi mmoja aliyevuka miaka tisini alikuwa amekwishavalishwa fulana ya rangi ya dhahabu kabla ya staftahi, na kila nilipopita na sinia alinikumbusha kwamba leo wasichana wanacheza. Hakunena la uchaguzi hata kidogo. Nilimpenda sana siku ile.

Tiketi za msimu mzima zilikuwa zimekwisha mapema. Mimi nilipata mbili kwa mwenzangu wa kazini ambaye mumewe alikuwa safarini, nikamchukua binti wa jirani yangu. Mama yake ni Mkongo wa Uvira. Wakongo ni wengi Iowa City na Coralville, Kiswahili chao utakisikia dukani, kanisani na kituoni pa basi. Mtoto huyo anacheza kikapu shuleni kwake, na alikuwa hajawahi kukanyaga Carver.

Carver-Hawkeye Arena ni ukumbi wa chuo kikuu cha Iowa, ulifunguliwa Januari 1983. Umechimbwa ndani ya kilima. Ukiwa nje huoni jengo refu, unaona paa na vyuma vyake vikubwa juu ya majani. Unaingia kwa juu, usawa wa barabara, halafu ukivuka mlango unaukuta uwanja uko chini kabisa na viti vinateremka pande zote kama ukingo wa bakuli. Mtoto alinishika mkono akasimama. Ukumbi unachukua watu karibu 15,000, na kutoka pale juu unawaona wote kwa jicho moja.

Mlangoni mikoba hukaguliwa. Wewe ukija siku moja, chukua mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Mikoba yetu mikubwa ya kina mama itarudishwa garini. Na uvae viatu vya kushuka ngazi, maana ni nyingi na zimesimama.

Sasa nikwambie walivyokuwa watu, kwa sababu hilo ndilo uliloniuliza. Wasichana wadogo wenye fulana namba 22, ya Caitlin, walikuwa kila upande. Hilo nililitarajia: msimu uliotangulia fainali yao na South Carolina ilitazamwa na watu karibu milioni 19 nchini Marekani, zaidi ya fainali ya wanaume ya mwaka uleule. Lakini safu yetu ilijaa watu wazima. Mbele yetu akina mama wawili wenye mvi, wamekuja na mito yao ya kukalia. Kulia mkulima mwenye kofia ya kampuni ya mbegu, na mkewe. Nyuma yetu mzee mmoja ambaye kila mchezaji alipoitwa, yeye alimtangulia mtangazaji kwa kutaja mji aliotoka. Alipoitwa Hannah Stuelke, akasema kwa fahari kwamba huyu ni wa Cedar Rapids, hapo jirani tu, na amekuwa akimfuatilia tangu sekondari.

Hawa hawakuletwa na Caitlin. Caitlin aliwakuta. Tarehe 3 Februari 1985, C. Vivian Stringer akiwa kocha, Iowa ilicheza na Ohio State katika ukumbi huuhuu na wakaingia watu 22,157, wengine wakiwa wamesimama kwenye ngazi na njia. Wakati huo ilikuwa bado miaka 17 kabla Caitlin hajazaliwa. Yule mama mwenye mvi mbele yangu alikuwamo siku hiyo, mwenyewe alinisimulia wakati wa mapumziko, huku akinimegea bisi zake.

Mechi yenyewe ilikuwa na Northern Illinois, na Iowa walishinda 91 kwa 73. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Jan Jensen kusimama kama kocha mkuu katika mechi ya msimu; alikuwa msaidizi wa Lisa Bluder tangu Bluder alipokuja Iowa mwaka 2000, mpaka Bluder alipostaafu Mei 2024. Pembeni mwa Stuelke alikuwapo Lucy Olsen, mgeni kutoka Villanova, na macho ya ukumbi mzima yalikuwa kwake. Ni mzigo kuja kucheza nafasi ya nyuma pale alipoondoka Caitlin, aliyefunga pointi 3,951 chuoni. Nilichokipenda kwa watazamaji ni kwamba hawakumlinganisha na yeyote kwa sauti. Alipofunga walisimama. Alipokosa walimpigia makofi arudi kukaba.

Na wageni nao, wenye pointi 73, hawakuja kutalii. Wasichana wale walipambana mpaka dakika ya mwisho mbele ya kelele ambazo wengi wao hawajawahi kuzisikia, na wazee wa safu yetu waliwapigia makofi walipokuwa wakitoka.

Mdogo wangu, mimi Makande nimekaa kwenye ngazi zile nikiwa na sare ya shule. Watazamaji wa Makande nao wanamjua kila mchezaji kwa jina, wanajua nani ametoka kujifungua na nani goti linamsumbua. Mapenzi yale ni yaleyale niliyoyaona Carver. Kilichopungua kwetu ni watu wa kuja, na watu huja wakijua mechi ni saa ngapi na ni wapi. Ratiba ya timu za wanawake itangazwe redioni kama inavyotangazwa ya wanaume, na ukumbi ufunguliwe kwa saa iliyotajwa. Nimeona mechi za wanawake zikisogezwa ili kupisha za wanaume, na waliokuja na watoto wakakata tamaa wakaenda zao. Hili linaniuma mpaka leo.

Binti yangu, mimi ni mzee wa Tanga, mwalimu mstaafu. Iowa ninavyojua ni jimbo la mahindi na nguruwe. Imekuwaje wakulima wakapenda mpira wa wasichana kiasi hicho?
*Mwalimu, Tanga*

Shikamoo mwalimu. Swali lako ndilo ufunguo wa yote.

Mashindano ya jimbo ya wasichana wa sekondari yalianza 1920. Mwaka 1925 wakubwa wa elimu walitaka kuyaacha, wakisema mchezo huu hauwafai wasichana mbele ya watu. Viongozi wa shule ndogo za vijijini wakakataa, wakaunda chama chao cha michezo ya wasichana, na chama hicho kipo hadi leo. Katika mji mdogo wenye shule moja, mechi ya wasichana usiku wa Ijumaa wakati wa baridi ilikuwa ndiyo mkutano wa mji mzima.

Walikuwa na mchezo wa aina yao, wachezaji sita kila upande. Watatu walibaki nusu ya kushambulia, watatu nusu ya kukaba, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka mstari wa kati. Mwenye mpira aliudunda mara mbili tu, kisha atoe pasi au arushe. Ukikabidhiwa kazi ya kukaba, unaweza kumaliza sekondari yote bila kufunga hata kikapu kimoja. Wafungaji nao walifunga kupita kiasi: katika fainali ya 1968 Denise Long wa Union-Whitten alifunga pointi 64, na mpinzani wake Jeanette Olson wa Everly akafunga 76, na bado Union-Whitten ndio walioshinda, 113 kwa 107. Mwaka uliofuata klabu ya wanaume ya San Francisco Warriors ilimchagua Denise Long kwenye usajili, ingawa ligi iliubatilisha uchaguzi huo.

Jan Jensen mwenyewe ni zao la mchezo huo. Mwaka wake wa mwisho wa sekondari, huko Elk Horn-Kimballton, alikuwa na wastani wa pointi 66 kwa mechi. Mchezo wa wachezaji sita ulikwisha 1993. Wako wasomi wanaousema vibaya, kwamba uliwafungia wasichana katika nusu uwanja kana kwamba hawana pumzi, na nakubaliana nao. Lakini wale waliouzoea walibaki na jambo kubwa: mabibi wa Iowa wamecheza, mama zao wamecheza, na babu wa hapa haoni ajabu kununua tiketi kumtazama msichana. Yule bibi wetu wa fulana ya dhahabu alikuwa mkabaji. Nilipomwambia Alhamisi kwamba tumeshinda, aliniuliza kwanza tumewaachia wageni pointi ngapi. Sabini na tatu zilimkera.

Kwa nini wanaume wa vyuo wanacheza vipindi viwili, na wanawake robo nne?
*Msomaji, Kahama*

Wanawake walihamia robo nne za dakika kumi msimu wa 2015–16, sawa na kanuni za kimataifa. Wanaume wamebaki na vipindi viwili vya dakika ishirini. Faida utaiona kwenye faulo: kwa wanawake hesabu ya faulo za timu huanza upya kila robo, na kuanzia ya tano mpinzani anapata mitupo huru miwili. Mchezo hausimami simami sana. Mpira wao pia ni mdogo kidogo, namba 6. Kwa macho yangu kanuni za wanawake ni bora, na ningefurahi wanaume wakizifuata.

Je, kuna wasichana wetu wa Afrika Mashariki huko? Nina miaka 17, nina urefu wa kutosha na nacheza kila siku.
*Mwanafunzi, Kisumu*

Wapo, mwanangu, na wa karibu nawe. Madina Okot alichezea chuo cha Zetech huko kwenu Kenya, akaenda chuo cha Mississippi State, kisha akahamia South Carolina ya kocha Dawn Staley, mabingwa wa 2017, 2022 na 2024. Felmas Koranga, pia Mkenya, alicheza chuo cha Troy. Bella Murekatete wa Rwanda alicheza Washington State. Watafute kwenye intaneti, utazame hasa miguu yao wakati wa kukaba.

Urefu pekee hautoshi. Chuo kinachocheza daraja la kwanza la michezo ya vyuo kinaweza kukulipia karo, malazi na chakula, lakini kabla ya yote NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hukagua matokeo yako ya sekondari, somo kwa somo. Kwa hiyo hisabati na Kiingereza ni sehemu ya mazoezi. Mwombe mwalimu wako wa michezo akurekodi mechi nzima, kwa sababu makocha wanataka kukuona unafanya nini usipokuwa na mpira. Akija mtu anayedai ada ili akupe nafasi, mpeleke kwa wazazi wako kwanza, na wazazi waandikie chuo chenyewe moja kwa moja. Kocha anayekutaka hakutozi pesa.

Assalamu alaykum dada. Mimi nasoma Kilifi. Kocha ananitaka timuni lakini mama anauliza kama nitalazimishwa kuvua hijabu nikifika mbali. Nimwambieje?
*Msomaji, Kilifi*

Wa alaykumu ssalaam. Mwambie mama hatalazimishwa mtoto wake. Kwenye mashindano ya kimataifa marufuku ilikuwapo, lakini shirikisho la dunia, FIBA, liliiondoa mwaka 2017. Aliyepigania sana iondolewe ni Bilqis Abdul-Qaadir, msichana wa Springfield, Massachusetts, mji ambao kikapu kilibuniwa 1891. Alikuwa wa kwanza kucheza daraja la kwanza la vyuo Marekani akiwa na hijabu, kwanza Memphis na baadaye Indiana State. Alipotaka kucheza kwa malipo nje ya nchi, kanuni ya FIBA ilimzuia, na yeye akachagua hijabu yake akaendelea kudai haki mpaka kanuni ikabadilishwa. Ilikuwa imemchelewa yeye. Wewe umeikuta tayari.

Hijabu ya kuchezea iwe ya kitambaa cha kunyoosha, inayobana kichwa na kuingia ndani ya fulana, isiyo na ncha zinazoning'inia. Pini usitumie, hata moja, kwa ajili yako na ya wenzako. Mikono mirefu na suruali ya kubana viwe vya rangi inayokwenda na jezi ya timu, na kocha amweleze mwamuzi kabla ya mechi kuanza. Ukiweza, mwalike mama aje mazoezini akae pembeni atazame.