Muulize Mtunzi: Mbona wapenzi wako hawashibi?

Haya jamani, maswali nimeyasoma yote, yale ya kutaka namba ya nahodha nimeyaruka maana yule ni wa kwenye hadithi yangu ya mapenzi tu, hayupo!

Shikamoo dada. Mbona wapenzi wa kwenye hadithi yako kila sehemu unayotoa wanakula? Kuna sehemu nzima kijana anamenyewa chungwa tu. (Msomaji, Mbagala)

Marahaba mdogo wangu, hapo umeniweza. Sasa na mimi nikuulize, kwenu ulishawahi kumsikia baba anamwambia mama nakupenda? Mimi kwetu sijawahi, ila baba akichelewa kazini hotipoti lake lilikuwa linakaa juu ya kabati na ole wako uliguse, na ukipikwa wali ule ukoko mzuri wa chini anawekewa yeye, sisi tunabaki kugombania vipande. Ndo maana nikitaka kuonyesha mke kanuna siandiki "alikasirika sana", naandika kapakua chakula kakiacha mezani bila kawa, nzi wajiamulie wenyewe, na msomaji hapo hapo anajua humo ndani hapakaliki. Ile nakupenda kila mstari inachosha bwana, mi naiweka mara moja tu tena mwishoni mwishoni.

Yale makande ya bibi kwenye hadithi ni ya kweli? Tupe na sisi. Halafu unaandika saa ngapi na una watoto? (Mama wawili, Morogoro)

Ya kweli kabisa, ya mama yangu, yeye Mpare wa Same na kwao makande sio chakula cha shida kama wengine mnavyodhani. Mahindi yawe ya kukoboa, vikombe 2 kwa kikombe 1 cha maharage, loweka usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji uchemshe upya mpaka ukibonyeza kwa kidole yanapondeka, kwa mkaa ni masaa mawili au zaidi. Kaanga kitunguu, nyanya, karoti na hoho, changanya, tia tui jepesi lichemkie humo, chumvi, tui zito la mwisho kabisa na moto uwe mdogo huku unakoroga taratibu, likichemka kwa nguvu linakatika unabaki na mafuta yanaelea juu. Najua kuna Wapare watasema nazi imetokea wapi, ni kweli, mama aliiongeza alipoolewa Tanga na ndugu zake mpaka leo wanamsema.

Na kuandika ni hapo hapo. Sufuria likishakaa jikoni nina masaa mawili ya kwangu, naandika kwenye simu, mtoto akija nasema naangalia maharage. Siku ya chipsi siandiki kitu.

Mumeo haoni wivu na hizo hadithi? (Bila jina)

Anaona. Anasema nahodha anapewa finyango nyingi kuliko yeye.

Nauza hadithi WhatsApp, mtu anakopi sehemu zangu anaziuza kwenye grupu lake. Nifanyeje? (Chipukizi, Mwanza)

Pole sana. Kwanza ujue hakimiliki ni yako tangu siku ulipoiandika, sheria yetu ya 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya hapo, ila kwenye ubishi utaulizwa ushahidi, kwa hiyo kasajili kazi yako COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki Tanzania, na utunze drafti zenye tarehe, usifutefute simu ovyo. Usirushe hadithi nzima kwa mkupuo, na hela iingie kwanza ndo mtu umuunge kwenye grupu, hata akiwa shemeji yako. Hutawazuia wote lakini. Mimi nilishaikuta hadithi yangu ina jina la mtu mwingine, kambadilisha nahodha wangu kuwa bosi wa kampuni huko Posta, Dar, suti na kiyoyozi, ila kachoka kubadilisha katikati, kufika sehemu ya 9 bosi anatweka tanga.