Kura hazikutosha: kabla hujachukua fomu tena

Dada yangu amegombea ubunge mara tatu, na mara zote tatu kura hazikutosha. Mimi si mwanasiasa. Nilikuwa mshika madaftari, moja la hela na lingine la kura. Kwa hiyo ushauri huu unatoka kwa mtu aliyekaa nyuma ya jukwaa akihesabu viti vya kukodi, si kwa aliyeshika maiki.

Nawaandikia walioshindwa mara moja au mbili, na sasa simu zimeanza kuita upya. "Mheshimiwa, safari hii ni yako." Hujawa mheshimiwa bado, lakini jina lenyewe tamu, na wanaokuita hivyo wanajua utamu wake.

Anzia hapo hapo. Nani anakwambia urudi? Chukua karatasi, andika majina, na mbele ya kila jina andika alilipwa nini kampeni iliyopita. Nilifanya hivyo kimyakimya baada ya kampeni ya pili, daftari la hela likiwa pembeni. Watu tisa walikuwa wanamshikia dada bango arudi. Saba kati yao walikuwa na mstari wao mle ndani: huyu wa spika, huyu wa magari, huyu wa fulana, mwingine wa "uratibu wa vijana" (mpaka leo sijajua uratibu huo ulikuwa nini). Sisemi walikuwa waongo. Wengine walimpenda kwa dhati, na usiku wa matokeo niliwaona wakilia. Lakini mtu ambaye kampeni ndiyo mavuno yake hawezi kukwambia mwaka huu usilime. Atakuvika kilemba cha ukoka, na wewe kwa kuwa umechoka na umeumia, utakivaa.

Waliobaki wawili, mwalimu mstaafu na mama mmoja aliyewahi kutusimamia kituo, hawakuwahi kuchukua hata nauli. Hao ndio niliowafuata. Kila mmoja kwa wakati wake aliniuliza swali lile lile: fomu za vituo mmezisoma?

Hatukuwa tumezisoma. Zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda changu, zile nakala mawakala wanazopewa baada ya kuhesabu na kusaini. Tulichokijua ni jumla tu: dada alikuwa wa pili na mshindi alimzidi kidogo. Hiyo "kidogo" ndiyo ilikuwa inazunguka kwenye midomo ya wapambe kama wimbo.

Basi usiku mmoja tukazimwaga mezani, mimi na yeye, hakuna mwingine. Yeye anasoma, mimi naandika: jina la kituo, waliojiandikisha, waliopiga, kura zetu, kura za mshindi. Tulianza saa mbili usiku. Kwenye saa sita hivi akafika kituo cha shule iliyopakana na uwanja tuliofungia kampeni. Ule mkutano ulikuwa wa kihistoria kwetu, watu mpaka juu ya miti. Akanyamaza. Nikadhani maandishi hayasomeki.

"Kumi na tisa," akasema.

"Kumi na tisa nini?"

"Zetu."

Nikamnyang'anya fomu nikasoma mwenyewe. Kumi na tisa, kwa tarakimu na kwa maneno, saini ya wakala wetu chini yake.

Tukafungua picha za mikutano kwenye simu. Dada ndiye aliyemwona kwanza: mzee mwenye mwavuli mwekundu uliokatika ubavu mmoja. Yupo mkutano wa kufunga. Yupo mkutano wa kufungua. Tukaendelea kurudi nyuma tukamkuta katika mikutano sita, kata sita tofauti, anashangilia vile vile. Ukishamwona yeye unaanza kuwaona na wengine. Umati ule tulikuwa tunausafirisha wenyewe, malori yamo kwenye daftari langu la hela, ukurasa kwa ukurasa. Tulijilipia watu waje watudanganye. Na yule mzee, tulikuja kujua baadaye, amejiandikisha jimbo la jirani.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, soma fomu zako kituo kwa kituo. Jumla haikufundishi. Kituo ndicho kinachokwambia kama hujulikani au umekataliwa, na hayo ni magonjwa mawili yenye dawa tofauti. Mfano mzuri ni Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Mwaka 1832, akiwa na miaka 23, aligombea bunge la jimbo la Illinois akawa wa nane kati ya wagombea 13. Kwa jumla hiyo ungemwambia akatafute kazi nyingine. Lakini katika kituo cha New Salem, alikokuwa anaishi, alipata kura 277 kati ya 300. Waliomjua walimpa karibu zote. Tatizo lake lilikuwa wale ambao hawajamwona. Alirudi 1834 akashinda. Sasa jiulize kinyume chake: mtaani kwako, wanakokujua kwa jina la utotoni, ulipata ngapi? Ukishindwa hapo, usisingizie muda mfupi wa kampeni.

Hapohapo niseme jambo linalonikera. Kuna ile orodha ya Lincoln inayosambazwa kila msimu wa uchaguzi, alishindwa mwaka huu, akashindwa mwaka ule, mwisho akawa rais. Mpambe mmoja alimtumia dada usiku ule ule wa matokeo. Orodha hiyo huuruka ushindi wake. Kati ya 1834 na 1840 alichaguliwa mara nne katika bunge la Illinois, na 1846 akachaguliwa kuingia Bunge la Marekani. Alipoukosa useneta mwaka 1855, na tena 1858 mbele ya Stephen Douglas, hakuwa mtu anayegonga mlango usiofunguka tangu azaliwe. Alikuwa mtu aliyekwisha kufanya kazi ya kutunga sheria, na watu wameiona. Uvumilivu bila rekodi yoyote ni jambo jingine kabisa.

Mwingine anayetajwa siku hizi ni Nigel Farage wa Uingereza: alishindwa mara saba kuingia Bunge, mara ya nane, mwaka 2024, akaupata ubunge wa Clacton. Mwaka 2010 ndege ndogo aliyopanda siku yenyewe ya kupiga kura ilianguka baada ya bango lake la kampeni kujiviringisha kwenye mkia, akatoka hai na bado akawa wa tatu. Ni simulizi ya kusisimua. Lakini sehemu kubwa ya miaka hiyo, kuanzia 1999 mpaka 2020, alikuwa mbunge wa Bunge la Ulaya, ana jukwaa na ana mshahara. Tena alibadili majimbo. Mwaka 2015 chama chake cha wakati huo, UKIP, kilipata kura karibu milioni 3.9 nchi nzima na kikaambulia kiti kimoja, kwa sababu kwa mfumo ule anayeongoza jimboni ndiye anayechukua kiti, na kura zilizotapakaa nchi nzima hazijazi jimbo moja. Kama nchi yako ina mfumo huo, kupendwa kila mahali kidogokidogo ni sawa na kutopendwa.

Turudi kwetu. Fomu zilituonesha kitu cha pili: zilikuwa pungufu. Kuna vituo tulikuwa hatuna karatasi kabisa kwa sababu hatukuwa na wakala, au wakala aliondoka saa tisa kwa njaa. Na huko ndiko wapambe walikokuwa wanasema tumeibiwa. Huenda ni kweli! Lakini kesi za uchaguzi zina siku zake za kufungua, hazingoji mtu apoe, na jaji haulizi uchungu, anauliza karatasi. Kampeni ya tatu tulipunguza spika tukaweka hela kwa mawakala: wawili kila kituo wapokezane, chakula cha mchana kinawafuata walipo, posho nusu kabla na nusu wakileta fomu, na simu yenye chaji ya kuipigia picha kabla haijatoka mkononi. Kama unaweza kufanya jambo moja tu kati ya yote ninayoandika, fanya hilo.

Na bado kampeni ya tatu ndiyo iliyotuumiza kuliko zote. Dada alipata kura chache kuliko mara ya pili. Kosa ni letu, na ndilo kosa la kawaida la aliyewahi kukaribia: tulizichukulia zile kura za mara ya pili kama akiba. Tulipanga kana kwamba zipo, zinasubiri, kazi yetu ni kuongeza zilizopungua. Kumbe kura haina akiba. Baadhi ya waliotupigia walihama, wengine walifariki, vijana wapya waliingia kwenye daftari la wapiga kura bila hata kutusikia, na wengi walikuwa hawakumpigia dada, walikuwa wanamkataa mbunge wa wakati ule. Mbunge yule alipoondoka, sababu yao ikaondoka naye.

Siku ya kwanza ya nyumba kwa nyumba, mama mmoja alifungua mlango, akamwangalia dada, akaiangalia fulana, akacheka. "Umerudi? Basi uchaguzi umekaribia." Hakusema kwa ubaya. Alitukaribisha, tukakaa. Lakini mimi nilijua hapo hapo kwamba tumekwisha, maana alikuwa sahihi: miaka yote ya katikati hatukuonekana. Tulikuwa tunalipa madeni.

Madeni ndiyo ninayotaka watu wayazungumze wazi, na hawayazungumzi. Mchapishaji tuliyembakizia hela ya mabango ya kampeni ya pili, kampeni ya tatu alichapa ya mpinzani wetu, tena kwa furaha. Kitu ambacho hakikupaswa kuwekwa dhamana kilikuwa kimewekwa, na shemeji aliambiwa baada ya fomu kurudishwa. Usichukue fomu mpya kabla hujafunga ukurasa wa zamani, na mwenzi wako ajue kiasi kamili, si "kidogo kidogo tu." Kama anakataa, basi kampeni yako imeshindwa kura ya kwanza, na ni afadhali ujue ikiwa bado iko nyumbani.

Pia jiulize unagombea ili iweje. Kuna watu ambao kushindwa si tatizo kwao. Huko India yupo K. Padmarajan, ambaye tangu 1988 amegombea chaguzi zaidi ya 200 bila kushinda hata moja, na anasema wazi kwamba anafanya hivyo kuonesha kuwa raia yeyote anaweza. Anapoteza amana, ile hela mgombea anayoiweka ili aruhusiwe kugombea, kila mara, maana kule usipofikisha moja ya sita ya kura halali inakwenda (Uingereza ni chini ya asilimia 5, unaacha pauni 500). Yeye anajua anachonunua kwa amana yake. Wengine wanagombea ili hoja fulani isikike, na wakishaisikizisha wanakwenda nyumbani. Hao siwashauri kitu. Nawashauri wanaotaka kuingia bungeni na wanajidanganya kuhusu umbali.

Kama umbali ni mkubwa, kuna udiwani, kuna kamati za shule na za maji, kuna kubadili chama au jimbo (jambo hili watu wataliita tamaa, vumilia). Na kuna kupumzika muhula mmoja bila kupotea. Dada alichagua hilo la mwisho. Wapambe waliondoka ndani ya wiki mbili, simu ikatulia. Aliingia kwenye kamati ya ile shule ya kura kumi na tisa, hakuna kamera, wanabishana kuhusu vyoo kila mwezi.

Juzi kanipigia usiku. "Lete daftari."

Nikamuuliza lipi, la hela au la kura.

"La kura," akasema. "Na usimwambie mtu."