Unataka njia ya tambarare? Ngoja kwanza nikusimulie yaliyonikuta Kyela

Juzi kuna mdogo wangu mmoja kanitumia meseji, anasema kaka nimechoka na milima ya Mbeya, kila nikitoka nyumbani ni kupanda tu, nielekeze njia ya tambarare na mimi nikale bata na baiskeli yangu. Nikacheka peke yangu kama chizi, maana maneno hayo hayo ya kula bata ndio niliyoyasema mimi mwaka jana mwezi wa tisa, tena kwa sauti, mbele za watu, na yakanirudi.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa kupanda. Sijisifu, ni mwili tu umekaa hivyo, nina kilo 58 na mfukoni nikiwa na funguo. Kutoka Uyole kwenda Isyonje, njia ya Tukuyu, Jumamosi zote kwenye kundi letu nafika juu wa kwanza, nakaa pale kwenye baridi na ukungu nakula viazi vya kukaanga nawasubiri wenzangu. Kuna jamaa yetu mmoja bonge, fundi wa magari, yeye huwa anafika wa mwisho kabisa jasho linamtoka hadi masikioni, na mimi ndio nilikuwa kinara wa kumtania. Mkumbuke huyo jamaa, anarudi huko mbele.

Sasa tambarare za maana kwa sisi wa huku ni mbili. Ya kwanza Usangu, ile ya kuingia Rujewa hadi Ubaruku kwenye mashamba ya mpunga. Pazuri, lakini kufika huko kwa baiskeli lazima upite barabara kuu na malori ya Zambia, na malori hayo mimi siyaamini hata kidogo, panda gari hadi Rujewa ndio uanzie hapo. Ya pili ndio Kyela, ule uwanda wa kichwani mwa Ziwa Nyasa, ambako mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote inakuja kumwaga maji na tope lililotoka huku kwetu milimani. Ndio maana pako bapa kama meza, mpunga, kakao, michikichi, migomba, na maji yamesimama kila bonde. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko mia nne sabini na kitu, kwa hiyo unashuka zaidi ya mita 1,200 na unakutana na hewa nzito yenye joto la kubandika shati mgongoni.

Tulikuwa watano. Baiskeli tukazifunga juu ya kosta, tukalala Kyela mjini, mpango uwe kutoka alfajiri kwenda Matema kupitia Ipinda. Kipande cha Kikusya hadi Matema, ndicho kinachopita Ipinda, ni kama kilomita 39, sasa mtu aliyezoea Isyonje kilomita 39 za tambarare anaziona za kwendea dukani kununua vocha. Mimi ndio niliyesema tusihangaike kuamka usiku, tule kwanza. Nikang'ang'ania wali na mbasa, samaki wa ziwa hilo, na wali wa Kyela mnaujua, ile harufu ikishafika puani huondoki na sahani moja. Tukatoka saa tano asubuhi jua limeshakaa sawasawa. Kosa la kwanza hilo, na ni la tumbo langu, silisukumii kwa mtu.

Hadi Ipinda mambo yalikuwa matamu nisidanganye. Tunapiga stori, watoto wanatukimbilia, kakao imeanikwa pembeni kwenye mikeka (usikanyage, ni hela ya mtu ile). Nikaongeza mwendo nikawaacha kidogo, kuonyesha tu.

Tulipoipita Ipinda ndio nikaanza kuhisi kuna mtu ananishika kifuani. Sioni mlima, sioni hata kituta, ila pedali nzito. Nikashuka nikakagua breki nikidhani inagusa rimu. Haigusi. Nikaminya tairi, upepo umejaa. Nikapanda tena, kitu kile kile. Ndio nikatazama migomba nikaona majani yote yameinama kuja kwangu, yamechanika chanika kama matambara, na mpunga nao umelala upande huo huo. Upepo wa ziwa. Mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda juu, ile ya ziwani inakuja kuziba nafasi, na jua linavyozidi ndivyo inavyokuja kwa nguvu. Usiku na alfajiri inageuka, inatoka milimani kwenda ziwani, yaani tungetoka saa kumi na mbili tungesukumwa mgongoni kama watoto kwenye bembea.

Halafu yule bonge akanipita. Hakusema kitu, akanipita tu anapiga pedali taratibu, na wenzake watatu wamejibanza nyuma yake mstari mmoja kama vifaranga. Nilijaribu kuwashika nikashindwa, wakaenda wakawa vidoti.

Baadaye nilipotulia ndio nikaelewa hesabu yake. Kwenye mlima unatembea kilomita nane tisa kwa saa, mwendo huo upepo hauna neno na wewe, unachobeba ni uzito wako, kwa hiyo mwembamba anashinda. Kwenye tambarare uzito haukudai sana, anayekudai ni upepo, na ukitaka mwendo mara mbili upepo unakudai nguvu zaidi ya mara mbili, zaidi sana. Hapo anashinda mwenye mapaja. Na jambo jingine ambalo hakuna aliyewahi kuniambia, mlima una mteremko wake, utaumia nusu saa halafu utapumzika ukishuka. Tambarare haina kushuka. Ukiacha kukanyaga baiskeli inasimama. Saa nzima makalio yako pale pale, mikono pale pale, vidole vikanifa ganzi nikawa siwezi hata kufungua chupa ya maji, ambayo nayo ilikuwa imeshaisha.

Nikashuka. Nikakaa chini ya mchikichi na kaptula yangu ya kubana na miwani yangu ya bei mbaya.

Akaja mzee mmoja na baiskeli ya Phoenix nyeusi, karia imefungwa gunia la pumba za mpunga kubwa kuliko yeye, limefungwa kwa mpira wa tyubu. Nikamwambia shikamoo tata. Akajibu marahaba mwanangu, baiskeli imeharibika? Nikamwambia hapana, mimi ndio nimeharibika. Hakucheka. Akanipa maji kwenye dumu la lita tatu, akaniangalia nikinywa, kisha akasema panda, kaa nyuma ya gunia.

Jamani. Nyuma ya lile gunia kulikuwa na nchi nyingine. Kimya. Naona pumba zinapeperuka pembeni kulia na kushoto, mimi pale katikati shwari, pua yangu kama mita moja kutoka kwenye gunia na ile harufu yake ya vumbi tamu. Baiskeli yake haina gia hata moja, cheni inalia nyi-nyi-nyi, sendozi za tairi mguuni, na hakuongeza wala kupunguza mwendo hata mara moja. Nilimpigia simu jamaa mmoja kumwambia nipo njiani, akauliza umemfuata nani, nikasema nimefuata pumba. Hilo neno hadi leo sijalisikia mwisho wake.

Mzee akakata kushoto kwenye njia ya kwake, nikamwambia ndaga fijo tata, yaani asante sana baba, Kinyakyusa changu chote kikaishia hapo. Gunia likapotea kwenye migomba na upepo ukanivaa upya. Zilibaki kama kilomita sita, nilizitembea nadhani karibu saa nzima.

Sasa mdogo wangu uliyeniuliza, jibu lako hili. Nenda Kyela, nenda kabisa, lakini toka alfajiri. Nenda kati ya mwezi wa sita na wa kumi, mwezi wa tatu hadi wa tano usithubutu, mvua ya Kyela sio ya kutania, mito inafurika na ule udongo mweusi ukitoka lami hatua mbili unajaza madigadi tairi lisizunguke. Maji beba mara mbili ya unayobeba Isyonje, tia chumvi kidogo, sukari na ndimu, maana jasho la kule halikauki, linatiririka tu bila kukupoza, na wewe unakwisha. Simama kwenye pedali kila baada ya dakika kumi makalio yapate hewa. Gia weka nyepesi ukanyage haraka haraka, usibishane na upepo kwa gia nzito. Mkiwa kundi kaeni mstari mmoja mpokezane mbele, kila mtu dakika zake. Kuoga mtoni usijaribu, kuna mamba, ulizia wenyeji. Na toka alfajiri, nimeshasema narudia.

Na vijana wenzangu wa Mbeya niwaambie tu ukweli, sisi tuna kiburi cha milima. Tunadhani kwa kuwa tumezaliwa kwenye baridi na kila njia ni kupanda basi nchi yote iliyobaki ni mchezo. Unamcheka mtu mnene Isyonje, hujui kuna barabara inamsubiri yeye. Unamwona mzee na Phoenix yake unampita unapiga kengele, hujui ndiye atakayekufichia upepo. Mimi yule fundi nilimwomba radhi, sio siku ile, siku ile nilikuwa na hasira, nilimwomba baada ya wiki mbili gereji kwake, akaniambia kwani ulinikosea nini, akaendelea kufungua nati.

Ila kuna kitu bado kinaniuma na nitakisema. Matema waliposhuka ufukweni walipiga picha, wanne, ziwa nyuma yao na ile milima ya Livingstone imesimama upande mmoja, pembeni vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa pale ziwani, wamevipanga. Hawakunisubiri. Dakika arobaini tu wangesubiri. Ndio picha ya grupu la wasapu mpaka leo, na kila nikifungua simu naiona, wanne.